Usukani, Gia na Mikono Miwili: Mwongozo kwa Dereva wa Gari la Spoti

Dereva wa gari la manuali ana mikono miwili na kazi tatu: kuelekeza gari, kubadilisha gia, na kuhisi kupitia usukani namna matairi ya mbele yanavyoshika barabara. Kila anapobadilisha gia, mkono mmoja unaondoka kwenye usukani. Kwa muda huo, hata ukiwa nusu sekunde, gari zima linabaki na mkono mmoja.

Ndiyo maana usukani na gia ni jambo moja. Usukani mzuri unafupisha safari ya mkono kwenda kwenye leva ya gia na kurudi. Ubadilishaji mzuri wa gia unafanyika pale gari linapoweza kuvumilia mkono mmoja, yaani likiwa limenyooka na limetulia. Dereva anayelielewa hili hatapoteza fedha kwenye usukani wa kupendezesha picha, na giaboksi yake itadumu.

Mifano yangu mingi inatoka kwenye Toyota Altezza RS200, gari ambalo limewafungulia wengi wetu Afrika Mashariki mlango wa magari ya spoti kupitia soko la magari yaliyotumika Japani. Lilitoka mwaka 1998, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na lile la manuali lina injini ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, pamoja na giaboksi ya gia sita. Giaboksi hiyo ya Aisin ni ya ukoo mmoja na ile ya Nissan Silvia S15 na ya Mazda MX-5 ya kizazi cha pili yenye gia sita, kwa hiyo mengi utakayosoma hapa yanawahusu wenye magari hayo pia. Ninazungumza na dereva aliyekaa kulia, anayebadilisha gia kwa mkono wa kushoto. Kama uko Goma, Kigali au Bujumbura na usukani wako uko kushoto, geuza mikono. Mpangilio wa gia wenyewe haubadiliki.

Anza na kiti

Usinunue usukani kabla hujajua unavyokaa. Ingia garini, sukuma makalio mpaka yaguse kona ya kiti, kisha kanyaga klachi hadi mwisho. Goti lako la kushoto libaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, uko mbali. Likigonga safu ya usukani, uko karibu mno.

Ukimaliza miguu, njoo kwenye mgongo wa kiti. Mabega yakiwa yamegusa kiti, nyoosha mkono juu ya usukani. Kifundo cha mkono kinatakiwa kukaa juu ya ukingo wa usukani bila bega kunyanyuka. Sasa shika usukani, kushoto kwenye tisa na kulia kwenye tatu, kama namba zilivyo kwenye uso wa saa ya ukutani. Viwiko viwe vimekunjika vya kutosha kukuwezesha kuzungusha usukani nusu duara bila kuhamisha mikono.

Kipimo cha mwisho ndicho wengi hukiruka. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi, kisha peleka leva kwenye gia ya tatu, halafu ya tano, zile zinazokwenda mbele. Kama bega linatoka kwenye kiti ili mkono ufike, sogeza kiti au simamisha mgongo wake zaidi. Kisha rudisha mkono kwenye usukani polepole na uangalie umbali uliosafiri. Huo ndio umbali utakaouvuka kila siku.

Hapa ndipo tatizo halisi la magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo linapojitokeza. Safu ya usukani inapanda na kushuka, lakini aghalabu haivutiki kuja kwako. Mwenye miguu mirefu akikaa vizuri kwa klachi, usukani unakuwa mbali. Akikaa vizuri kwa usukani, magoti yanabanwa. Kama wewe ni mmoja wao, una sababu ya kweli ya kufikiria usukani mwingine. Kama kipimo cha kifundo na kipimo cha gia vyote vimekubali, usukani uliokuja na gari unatosha kabisa, na fedha zako zitafanya kazi kubwa zaidi kwenye matairi na breki.

Eabegi: amua kabla ya kulipa

Usukani wa spoti unaouzwa peke yake, uwe wa Momo, Nardi, Sparco au OMP, kwa kawaida hauna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Altezza inayo. Ukibadilisha usukani, unaiondoa, na unapaswa kujua unachoacha.

Eabegi na mkanda vimebuniwa kufanya kazi kwa pamoja. Katika magari mengi ya kuanzia miaka ya 1990 mwishoni, mkanda hujikaza mara gari linapogonga, kisha hulegea kidogo kwa kipimo ili usivunje mbavu, ukitegemea kwamba eabegi iko mbele kukipokea kifua. Ukiondoa eabegi ukabaki na mkanda huo, kichwa na kifua vinakutana na usukani. Kwa gari la kwendea kazini, la kupeleka watoto shule, la kusafiria Dar es Salaam hadi Arusha usiku, ushauri wangu ni mmoja: bakiza eabegi.

Kubakiza eabegi hakukufungi mikono. Njia ya kwanza ni kuushonea upya usukani wako. Fundi mzuri wa viti anaweza kuuvua ngozi iliyochakaa, akauongezea unene kidogo sehemu za tisa na tatu, na kuushona kwa ngozi mpya yenye vitundu vidogo mahali viganja vinapokaa. Mwambie asiguse kifuniko cha katikati, kwa sababu kimetengenezwa kupasuka kwa namna maalumu. Njia ya pili ni kutafuta usukani wa toleo la juu la gari hilohilo, wenye eabegi yake na plagi zinazolingana. Hakikisha eabegi haijawahi kufumuka wala kutengenezwa, na usikubali kifuniko kitupu kilichobandikwa ili kionekane kizima.

Kama gari lako ni la mashindano au la kuendeshea uwanjani tu, lina kiti cha kukumbatia mwili, mkanda wa pointi nne au sita na fremu ya chuma, hesabu inabadilika, na usukani usio na eabegi una mahali pake. Waulize kwanza kampuni yako ya bima na wakaguzi wa magari wa nchi yako. Siku utakapoliuza gari hilo, mwambie mnunuzi kwa mdomo wako kwamba eabegi ya dereva haipo. Maisha yake yanategemea taarifa hiyo.

Kuchagua usukani

Kipimo cha kwanza ni kipenyo. Sukani za kiwandani za magari ya aina hii ni kama milimita 370 hadi 380. Za spoti nyingi ni 350, na zipo za 330. Ukitoka 380 kwenda 350, mkono unasafiri umbali mfupi zaidi: robo ya mzunguko inashuka kutoka kama milimita 298 hadi 275. Gari linaonekana jepesi kuitikia, ingawa uwiano wa mashine ya usukani haujabadilika. Gharama yake ni nguvu. Utahitaji kama asilimia 8 au 9 zaidi kuuzungusha. Gari lenye usukani wa pawa likiwa zima, hutaona shida. Ukishuka hadi 330, nguvu inapanda kwa karibu asilimia 15, na mara nyingi ukingo wa juu unafunika saa za dashibodi. Mshale wa mizunguko ya injini ukifichwa, umejinyima kifaa muhimu kuliko usukani wenyewe. Kwa barabara na uwanja, 350 ndio uchaguzi wa busara.

Kipimo cha pili ni kina, yaani ukingo umetokeza kiasi gani kutoka kwenye kitovu kuja kwa dereva. Usukani bapa unafaa aliyeridhika na umbali wake wa sasa. Usukani wenye kina unakuletea ukingo karibu, na ndiyo sababu utauona kwenye magari mengi ya rali: mikono inabaki karibu na mwili, na kiganja kinatoka kwenye usukani hadi kwenye leva kwa mwendo mfupi. Kumbuka kwamba kitovu cha kuungia usukani kwenye gari nacho kina urefu wake. Jumlisha vyote viwili kabla ya kununua, ulinganishe na kipimo cha kifundo. Angalia pia leva za indiketa na waipa. Usukani ukija karibu mno, vidole havitazifikia bila kuachia.

Tatu ni unene na kifuniko. Ukingo mnene sana unachosha mkono mdogo. Dole gumba na kidole cha kati vinapaswa kukaribia kukutana. Ngozi laini inavumilia jasho na vumbi, na inapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu. Suedi inashika vizuri sana ukiwa umevaa glavu, lakini kwa mikono mitupu katika joto la Mombasa au Tanga hung'aa na kuteleza mapema. Mbao, ambayo imelipa heshima jina la Nardi tangu enzi za Enrico Nardi, ni nzuri kwa macho na kwa safari ya utulivu; kwenye kona za haraka kiganja chenye jasho hakiiamini.

Nne ni matundu ya bolti. Momo, Sparco na OMP hutumia bolti sita kwenye duara la milimita 70. Nardi na Personal hutumia sita kwenye duara la milimita 74. Tofauti ya milimita nne imewafanya wengi warudi dukani. Vipo vitovu vyenye matundu ya aina zote mbili. Nunua hivyo kama bado hujaamua.

Tano ni uhalisi. Momo, kampuni iliyoanzishwa na Gianpiero Moretti mwaka 1964, inanakiliwa kuliko karibu zote. Geuza usukani nyuma. Wa kweli una mihuri iliyopigwa kwenye chuma, na nyingi zina namba ya idhini ya Ujerumani inayoanza na herufi KBA. Mishono iwe sawa mzunguko mzima, na spoku zisipinde unapozivuta kwa mikono miwili. Usukani bandia hupinda au kukatika pale kwenye spoku, wakati dereva ameukumbatia kwa nguvu zake zote. Kama bei ya wa kweli haifikiki kwa sasa, baki na wa kiwandani.

Kuhusu vitovu vya kuchomoa usukani haraka, ni vya gari la mashindano, ambako dereva anabanwa na kiti na fremu. Ukinunua, kitikise kwanza. Chenye mchezo wowote, hata wa nywele moja, usikipeleke barabarani.

Kufunga usukani

Kazi hii inahitaji utulivu. Kama hujawahi kushughulika na eabegi, mpe fundi wa umeme wa magari anayeijua, nawe usimame pembeni ukifuatilia hatua hizi.

1. Egesha mahali tambarare, matairi ya mbele yakiwa yamenyooka, ufunguo nje. Ondoa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa. Mfumo wa eabegi una akiba ya umeme inayochukua muda kwisha. Vitabu vya Toyota vinataja angalau sekunde 90. Usiwe na haraka.

2. Fungua bolti za pembeni zinazoshika eabegi, ambazo kwenye Toyota nyingi ni za kichwa cha nyota. Vuta eabegi taratibu, chomoa plagi zake. Nyaya za eabegi hutambulika kwa rangi ya njano. Usizipime kwa mita. Ilaze eabegi uso wake ukitazama juu, mbali na watu na moto. Ikifumuka ikiwa imelala kifudifudi, itaruka.

3. Legeza nati ya katikati, lakini usiitoe yote. Iache kwenye nyuzi chache. Weka alama ya usukani na shafti ili ujue vinavyolingana, kisha tikisa usukani kushoto na kulia huku ukivuta. Ukichomoka ghafla, nati iliyobaki inauzuia usikupige usoni. Ukigoma, tumia kifaa cha kuvutia. Usipige shafti kwa nyundo.

4. Nyuma ya usukani kuna kebo bapa iliyojiviringisha ndani ya kasha la plastiki. Inazunguka pamoja na usukani kwa mizunguko michache tu kila upande. Ibane kwa tepu ibaki katikati. Ikihama na ukafunga hivyohivyo, itakatika siku ya kwanza utakapokata kona kali.

5. Panga kitovu kipya ili vijino vyake viingie mahali pa kurudisha indiketa. Unganisha waya wa honi. Kaza nati kwa spana ya kupimia mkazo kulingana na kitabu cha gari lako. Kwa magari mengi ya Kijapani ni kati ya Nm 35 na 50. Bolti sita za usukani zikaze kwa kuvuka, moja na inayoitazama, polepole na sawasawa.

6. Rudisha betri. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho na usikilize kama kuna kinachokwaruza. Jaribu honi, jaribu indiketa pande zote mbili kama zinajirudisha. Endesha polepole mtaani, uone kama usukani uko sawa gari linapokwenda moja kwa moja. Baada ya siku chache za matumizi, kagua tena bolti zote.

Taa ya eabegi itabaki inawaka. Wapo wanaoweka kizuizi kidogo cha umeme badala ya eabegi ili taa izime. Tambua kinachoendelea nyuma yake: katika mifumo mingi, taa ikiwaka maana yake mfumo mzima umejizima, hata eabegi ya abiria aliye pembeni yako. Zungumza na fundi wa umeme kuhusu namna ya kumlinda abiria huyo kabla hamjakubaliana kuondoa chochote.

Mkono wa gia

Sasa tuje kwenye leva. Kosa la kwanza la mkono ni kuikalia. Ndani ya giaboksi, leva inasukuma uma wa chuma unaosogeza duara linalozunguka. Uma huo umeundwa kugusa duara kwa muda wa kubadilisha tu. Kiganja kikipumzika juu ya leva kilomita nzima, uma unasugua duara muda wote huo na kulika. Badilisha, kisha rudi usukanini mara moja.

Kosa la pili ni kuikamata leva kama unaing'oa. Leva ina springi zinazoirudisha yenyewe kwenye mstari wa gia ya tatu na ya nne. Ziache springi zifanye kazi, wewe ongoza kwa kiganja. Kwa gia ya kwanza na ya pili, kiganja kikae upande wa kulia wa kichwa cha leva na kiisukume kushoto, mbali nawe, huku ukienda mbele au nyuma. Kwa ya tatu na ya nne, vidole vilegee, usukume au uvute moja kwa moja tu. Kwa ya tano na ya sita, kiganja kikae upande wa kushoto wa kichwa na uvute kuja kwako.

Sababu ya ustaarabu huu inaonekana vizuri kwenye hatua moja, kutoka ya tatu kwenda ya nne injini ikiwa juu. Dereva mwenye hamu hukaza ngumi, na mkono uliokazwa huvuta kwa mshazari. Leva inaingia ya pili badala ya ya nne. Kwenye giaboksi za ukoo huu, uwiano wa ya pili ni kama 2.2, wa tatu kama 1.5, wa nne kama 1.2 na wa tano ni 1.0. Ukiwa na mizunguko 7,000 kwenye ya tatu, ya nne ingeishusha injini hadi 5,600. Ya pili inailazimisha kupanda hadi zaidi ya 10,000 mara tu unapoachia klachi. Kifaa cha kuzuia injini kuzidi mizunguko hukata mafuta tu. Hakina uwezo wa kuizuia isizungushwe na magurudumu. Valvu zinakutana na pistoni, na injini imekwisha. Kiganja kilicholegea ni bima ya bure dhidi ya hasara hiyo.

Kama unataka kubadilisha kichwa cha leva, kizito kidogo kinasaidia leva kuingia kwa ulaini. Nyuzi za Toyota ni milimita 12 kwa 1.25, za Mazda ni 10 kwa 1.25. Leva fupi nazo hupunguza mwendo wa mkono, lakini zinaongeza nguvu inayoangukia sinkro, zile ringi za ndani zinazosawazisha kasi ya gia kabla hazijaumana. Kabla ya kununua leva fupi, badilisha oili ya giaboksi kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Leva nyingi zinazolalamikiwa kuwa ngumu zinapona hapo. Na asubuhi, oili ikiwa bado nzito, ya pili ikigoma usiilazimishe. Endesha taratibu kilomita za mwanzo.

Kupanda gia

Mpangilio ni huu: ondoa mguu kwenye mafuta na kanyaga klachi kwa wakati mmoja, toa gia, pumzika kidogo pale katikati, ingiza inayofuata, achia klachi huku ukirudisha mafuta. Pumziko hilo dogo linaipa injini nafasi ya kushuka. Kutoka ya pili kwenda ya tatu kwenye mizunguko 6,000, injini inapaswa kushuka hadi kama 4,100. Ukiachia klachi mapema, gari linaruka mbele; ukichelewa mno, linainamisha pua. Abiria asipotikisa kichwa, umepatia.

Klachi ikanyagwe mpaka mwisho na iachiwe kwa mwendo mmoja, ukipunguza kasi kidogo tu pale inapoanza kushika. Ukishamaliza, mguu wa kushoto uende kwenye sehemu yake ya kupumzikia. Mguu unaoelea juu ya klachi unailegeza bila wewe kujua, na sahani inaungua kidogokidogo.

Kushuka gia

Hapa ndipo dereva anapojulikana. Ukishuka gia, injini inatakiwa kwenda haraka zaidi kwa mwendo uleule wa gari. Usipoipandisha wewe kwa mafuta, klachi itaipandisha kwa msuguano, na magurudumu ya nyuma yatashikwa kama umevuta hendibreki. Kwenye Altezza, barabara ikiwa na mvua na gari likiwa linaingia kona, mshtuko huo unatosha kuzungusha gari.

Jifunze kwanza bila breki. Chagua barabara iliyonyooka na tupu, nenda kwa gia ya nne kwenye mizunguko 3,000. Kanyaga klachi, gusa pedali ya mafuta kwa kifupi mshale upande hadi kama 3,700, ingiza ya tatu, achia klachi. Ukipatia, hutahisi chochote. Mlio tu ndio utakaobadilika. Rudia mpaka sikio likujulishe kipimo bila macho kushuka kwenye dashibodi.

Halafu uunganishe breki. Mguu wa kulia ukanyage breki kwa nyama ya chini ya kidole gumba, nusu ya mguu ikiwa upande wa pedali ya mafuta. Breki ikiwa imekazwa sawasawa, kanyaga klachi, pindua mguu ili ukingo wake wa nje uguse mafuta, ingiza gia, achia klachi. Kazi ngumu kuliko zote ni kuidumisha breki ileile wakati kifundo kinapinduka. Anza gari likiwa limesimama na injini imezimwa, mguu ujifunze njia. Vaa viatu vya soli nyembamba. Kuna video maarufu ya Ayrton Senna akiendesha Honda NSX katika uwanja wa Suzuka kwa viatu vya kawaida vya ngozi, kamera ikiwa imeelekezwa miguuni; itazame uone jinsi breki inavyobaki imetulia wakati mguu uleule unacheza na mafuta. Kama pedali zako zimeachana mno, fundi anaweza kuongeza bamba kwenye ile ya mafuta, mradi lisije likanasa.

Sasa unganisha na usukani, kwa mpangilio usiobadilika: funga breki gari likiwa limenyooka, shusha gia gari likiwa limenyooka, rudisha mkono wa kushoto kwenye tisa, ndipo ukate kona. Kila ukijikuta mkono uko kwenye leva na gari limeshaanza kuinama, ulichelewa kufunga breki au uliingia kwa kasi. Wakati ujao anza mapema. Kona ikiwa ndefu na injini ikakaribia mstari mwekundu katikati yake, inua mafuta kidogo kwa ulaini na usubiri barabara inyooke; usibadilishe gia hapo.

Usitumie gia badala ya breki unapoendesha kwa kasi. Breki ndizo za kupunguza mwendo, na gia zinakuandaa kutoka kwenye kona. Kwenye mteremko mrefu mambo ni tofauti. Unaposhuka Kitonga mkoani Iringa, au ile barabara ya Mai Mahiu nchini Kenya, chagua gia ya chini kabla mteremko haujaanza ili injini ibebe uzito na breki zisipate moto hadi kuishiwa nguvu.

Ratiba ya mazoezi

Fanya jambo moja kwa wakati. Wiki ya kwanza, shughulika na mkao na kurudisha mkono usukanini baada ya kila gia. Wiki inayofuata, kupanda gia bila mtikisiko. Kisha kushuka bila breki, na mwisho kushuka pamoja na breki. Mambo haya yote unaweza kuyajifunza kwa kasi ya kawaida, ndani ya sheria, ukienda kazini. Kasi yenyewe ipeleke kwenye matukio ya vilabu vya michezo ya magari, penye uwanja uliofungwa, kofia ngumu na watu wa huduma ya kwanza. Barabara ya umma ina bodaboda, watoto na ng'ombe ambao hawakukubali kushiriki mazoezi yako.

Ukishafika mahali ambapo gia zinaingia bila kelele na mikono yote miwili iko usukanini kabla ya kila kona, pima tena ule umbali kutoka ukingo wa usukani hadi kwenye leva. Kama bado unakusumbua, nenda kanunue usukani. Sasa utajua kipenyo, kina na unene unaouhitaji, na muuzaji hatakuwa na la kukudanganya.